Mhariri, uchumi haufundishiki kwa kukariri majina ya mifumo

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaoandaa ukurasa wa wanafunzi. Mimi ni mwalimu wa uchumi sekondari, ukurasa wenu nausoma kila unapotoka, na nawashukuru kwa dhati kwa kuanza kuweka somo la uchumi. Ila nina jambo na naomba mlipe nafasi hata kama ni refu. Lile jedwali lenu la mifumo ya uchumi, safu tatu, ubepari, ujamaa, uchumi mseto, alafu chini ya kila mmoja faida tano na hasara tano, ndo namna ileile ya kufundisha inayowafanya watoto wapate maksi nzuri kwenye mtihani na bado washindwe kusoma habari ya uchumi kwenye gazeti lenu hilohilo wakaielewa. Nawaona kila mwaka. Mwanafunzi anakutajia faida za soko huria bila kukosea hata moja, ukimuuliza kwa nini serikali isichapishe noti nyingi tu ikagawa kwa watu anakaa kimya. Huyo hajafundishwa uchumi, amefundishwa orodha.

Tuanzie mwanzo kabisa. Kila kitabu kinaanza na uhaba na karibu kila mwanafunzi anadhani uhaba ni umaskini. Sio. Nchi tajiri kuliko zote ina uhaba, bilionea ana uhaba, kwa sababu tunachomaanisha ni kwamba vitu tunavyovitaka ni vingi kuliko njia za kuvipata na njia zenyewe zinafaa kwa kazi zaidi ya moja. Saa moja ya bilionea ina dakika 60 kama ya kila mtu, akiitumia kwenye kikao hawezi kuitumia tena kukaa na wanae. Lionel Robbins, mchumi wa Uingereza, ndivyo alivyolieleza mwaka 1932, kwamba kinachochunguzwa na elimu hii ni jinsi watu wanavyofanya pale malengo yanapokuwa mengi na njia ni chache. Ukilichukua hivyo basi somo linaacha kuwa la pesa, linakuwa la kuchagua, pesa yenyewe inakuja mbele huko.

Na mtu akichagua kuna kitu anakiacha. Hapo ndo kuna gharama mbadala, na kama ningeambiwa nifundishe dhana moja tu mwaka mzima ningefundisha hii na nisingejuta. Gharama ya kitu ni kile kizuri kinachofuata ambacho umekiacha ili upate hiki. Sio jumla ya vyote ulivyoviacha, ni kimoja, kile ambacho ungekichagua kama hiki kisingekuwepo. Chukua kijana anayeenda chuo miaka mitatu. Ada inahesabiwa, vitabu vinahesabiwa, lakini mshahara ambao angeupata miaka hiyo mitatu kama angeingia kazini nao unahesabiwa, na mara nyingi huo ndo unakuwa mkubwa kuliko ada. Alafu chakula chake hakihesabiwi, maana angekula tu hata asingeenda chuo, kinachohesabiwa ni ile ziada tu kama chuoni kula ni ghali zaidi. Wanafunzi wakifika hapa wanabishana sana, na ubishi huo mimi naupenda kwa sababu ndo mara ya kwanza wanafikiri kama wachumi badala ya kukumbuka.

Kutoka hapo unaweza kwenda mbali. Huduma ikitolewa bila malipo ina gharama mbadala vilevile, walimu na majengo na dawa vimeenda hapa havikwenda kule, na kusema hivyo haina maana kwamba huduma ni mbaya, inawezekana kabisa ndo matumizi bora ya rasilimali za nchi, ila kuna mtu alitakiwa kuchagua na wananchi wana haki ya kujua alichagua nini dhidi ya nini. Pia pesa iliyoshatumika na hairudi haitakiwi kuingia kwenye uamuzi wa leo. Mnasikia viongozi kila mahali duniani wakisema mradi huu umeshameza pesa nyingi kwa hiyo lazima tuumalize, hiyo ni hoja mbovu, swali sahihi ni je, kuanzia leo, faida itakayobaki kupatikana inazidi gharama iliyobaki kulipwa? Uingereza na Ufaransa zilijenga ndege ya Concorde kwa gharama iliyopanda mwaka hadi mwaka, zikatengenezwa 20 tu pamoja na zile za majaribio, zilizobeba abiria kwenye mashirika ya ndege ni 14. Wachumi na wanasaikolojia mpaka leo wanatumia jina la ndege hiyo kuelezea kosa hili.

Nitakaa kidogo kwenye biashara ya kimataifa kwa sababu ukurasa wenu ulisema nchi inauza nje kile inachoweza kutengeneza kwa gharama ndogo kuliko nchi nyingine. Hapo mmewaacha wanafunzi mlangoni. David Ricardo, mchumi wa Uingereza, mwaka 1817 alionyesha kitu cha ajabu zaidi ya hicho, kwamba hata nchi inayozidiwa kwa kila kitu bado ina kitu cha kuuza na wote wawili wanafaidika. Mfano wake ni wa Uingereza na Ureno, nguo na mvinyo. Uingereza kiasi fulani cha nguo kinahitaji watu 100 kwa mwaka, na kiasi fulani cha mvinyo kinahitaji watu 120. Ureno nguo zilezile ni watu 90 na mvinyo uleule ni watu 80. Ureno inashinda kwote. Mwanafunzi aliyekariri sentensi yenu atasema basi Ureno iuze vyote na Uingereza haina la kufanya. Lakini pigeni hesabu ya gharama mbadala. Uingereza ikitengeneza nguo inaacha mvinyo wa 100 gawanya kwa 120, yaani kama 0.83 ya kile kiasi cha mvinyo. Ureno ikitengeneza nguo zilezile inaacha mvinyo wa 90 gawanya kwa 80, yaani 1.125. Kwa hiyo nguo ni rahisi Uingereza! Sasa Uingereza ikiweka watu wake wote 220 kwenye nguo inapata nguo mara 2.2 ya kile kiasi, na Ureno ikiweka watu wake 170 kwenye mvinyo inapata mvinyo mara 2.125, wakati mwanzo kila nchi ikijitengenezea vyote viwili jumla ilikuwa nguo 2 na mvinyo 2. Watu ni walewale, saa za kazi ni zilezile, na vitu vimeongezeka. Sijawahi kuona darasa ambalo halikukaa kimya kwa sekunde kadhaa baada ya hesabu hii. Na hapohapo mwalimu mwaminifu anatakiwa aongeze kwamba hesabu inasema nchi kwa ujumla inafaidika, haisemi kila mtu ndani ya nchi anafaidika, yule mtengeneza mvinyo wa Uingereza kazi imeisha na kumfidia ni uamuzi mwingine kabisa wa kisiasa.

Mahitaji na ugavi sitakaa sana, ila kuna mtego mmoja lazima muuandike. Wanafunzi wanasema bei ikipanda mahitaji yanapungua, mahitaji yakipungua bei inashuka, kwa hiyo bei ikipanda inashuka, alafu wanakuangalia. Wamechanganya vitu viwili. Bei ikibadilika, kinachobadilika ni kiasi ambacho watu wananunua, unatembea kwenye mstari uleule wa grafu. Mstari wenyewe unahama pale kitu kingine kinapobadilika, kipato, idadi ya watu, bei ya bidhaa inayoweza kuchukua nafasi ya hii, au watu wakitegemea bei itapanda kesho. Ukishatenganisha hivyo habari nyingi za gazetini zinasomeka. Bei imepanda na watu wananunua zaidi kuliko mwaka jana, hapo sheria ya mahitaji haijavunjika, mahitaji yenyewe yamehama.

Sasa nije kwenye mifumo yenyewe ambako ndo malalamiko yangu yapo.

Mchumi Friedrich Hayek mwaka 1945 aliandika makala ambayo ndani yake kuna mfano wa madini ya bati. Anasema tuchukulie mahali fulani duniani kumezuka matumizi mapya ya bati, au mgodi mmoja wa bati umefungwa. Mtumiaji wa bati aliye mbali hana haja ya kujua kati ya hayo mawili ni lipi limetokea. Anachokiona ni bei imepanda, anaanza kubana matumizi, anatafuta madini mbadala, na yule anayetumia hayo madini mbadala naye anaona bei yake imepanda anabana, na hivyo hivyo mpaka maelfu ya watu wasiojuana wamefanya kile ambacho hali ilidai na hakuna aliyewapa amri. Bei inabeba habari. Ukielewa hilo unaelewa kwamba swali la mifumo ya uchumi lina sehemu ya taarifa ndani yake, nani anajua nini, na anajuaje. Kwenye jedwali lenu hakuna neno hata moja kuhusu taarifa.

Mnaandika ubepari ni mali za watu binafsi na soko, ujamaa ni mali za umma na mipango ya serikali, uchumi mseto ni katikati. Hapo mmebana maswali mawili yakawa moja. Swali la kwanza ni nani anamiliki ardhi, viwanda, mabenki. Swali la pili ni nani au nini kinapanga kitengenezwe nini, kiasi gani, kiende kwa nani, je ni bei za sokoni au ni amri kutoka ofisini? Majibu ya maswali haya mawili si lazima yaende pamoja na historia imejaa mifano. Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili mashamba na viwanda vingi vilibaki vya watu binafsi lakini serikali ndo ilipanga vitengeneze nini, na chakula kiligawiwa kwa vitabu vya mgao kuanzia 1940 mpaka 1954, miaka tisa baada ya vita kuisha. Umiliki binafsi, mgawanyo wa amri. Yugoslavia, nchi ya Ulaya ambayo sasa haipo tena, ikafanya kinyume chake, kuanzia sheria ya mwaka 1950 viwanda vilikuwa mali ya jamii vikiendeshwa na mabaraza ya wafanyakazi, ila viliuza bidhaa zao sokoni na kushindana. Hawa wawili mtawaweka safu gani kwenye jedwali?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa China, kijiji cha Xiaogang mkoa wa Anhui, mwishoni mwa mwaka 1978. Wakati huo mashamba yalilimwa kwa pamoja kwa amri ya serikali. Wakulima 18 walisaini makubaliano ya siri, wakigawana mashamba ya kijiji kwa kaya, kila kaya ikishatoa fungu la serikali kinachobaki ni chake. Walijua wanahatarisha maisha yao, kwenye makubaliano yenyewe waliahidiana kuwatunza watoto wa yeyote atakayekamatwa. Mavuno yakapanda sana, na ndani ya miaka michache utaratibu huo wa kaya ukaenea karibu China nzima. Angalieni kilichobadilika. Ardhi haikuwa mali binafsi, na mpaka leo ardhi ya China sio mali binafsi. Kilichobadilika ni nani anaamua na nani anabaki na ziada. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila kitu ni umiliki hawezi kuelezea Xiaogang, ataandika tu China ilitoka ujamaa ikaenda ubepari na mtahini atampa maksi, na mtoto atakuwa amekosa kitu cha maana kuliko vyote kwenye mada hii.

Uchumi wa amri nao ufundishwe kwa uzito wake bila kejeli na bila mapambo. Umoja wa Kisovieti ulianza mpango wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1928. Nchi iliyokuwa ya wakulima ikajenga viwanda vizito kwa kasi kubwa, mwaka 1957 ikarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, mwaka 1961 ikampeleka Yuri Gagarin anga za juu. Wakati huohuo kuwalazimisha wakulima kuingia kwenye mashamba ya pamoja na kuwanyang'anya nafaka kulichangia njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan. Mwanafunzi lazima ajue vyote viwili. Alafu aulizwe, kwa nini mfumo uliofika angani ulishindwa kuweka viatu vya kutosha madukani? Jibu liko kwenye taarifa na motisha. Ofisi ya mipango ikitaka kitu kimoja kikubwa, inaweza kukusanya nguvu zote hapo. Lakini bidhaa za kawaida ni maelfu kwa maelfu, za saizi na ubora tofauti, ofisi haiwezi kujua nani anataka nini, kwa hiyo inatoa malengo ya namba, na kiwanda kinafukuzia namba badala ya mtumiaji. Nikita Khrushchev mwenyewe akiwa kiongozi wa nchi alilalamika hadharani kwamba viwanda vinatengeneza taa za kuning'iniza dari nzito kupita kiasi kwa sababu lengo lao linapimwa kwa tani! Mimi naona mfano huo mmoja unafundisha zaidi ya hasara tano za kukariri, maana mwanafunzi akishauelewa anaweza kuuona hata kwenye shule inayopimwa kwa kiwango cha ufaulu tu au hospitali inayopimwa kwa idadi ya wagonjwa waliopita mlangoni.

Na soko nalo lifundishwe hivyohivyo. Adam Smith mwaka 1776 alieleza kiwanda cha pini ambapo watu 10 wakigawana kazi wanatoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja asiye na ujuzi akifanya kila hatua peke yake asingefikisha hata 20. Hilo wanafunzi wanalijua. Wasichoambiwa ni kwamba Smith huyohuyo aliipa serikali kazi za ulinzi, haki, na ujenzi wa vitu vya umma ambavyo mtu binafsi hawezi kulipwa gharama yake, alionya kwamba wafanyabiashara wa aina moja wakikutana mazungumzo yao huishia kwenye njama dhidi ya wananchi, na alisema wazi kwamba kurudia kazi moja ndogo maisha yote kunamdumaza akili mfanyakazi. Mnapomfanya awe mtu wa serikali isiguse kitu mnawadanganya watoto. Karl Marx naye vivyo hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ni uchambuzi wa ubepari unavyofanya kazi, kuhusu uchumi wa baadaye utaendeshwaje aliandika kidogo sana, kwa hiyo kumwekea mdomoni maneno ya wapangaji wa Umoja wa Kisovieti sio haki.

Soko linashindwa wapi? Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929 ni lazima ufundishwe. Marekani mwaka 1933 mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi, viwanda vipo, watu wapo, mahitaji ya watu yapo, na bado mashine zimesimama. Wengi waliamini mishahara na bei vikishuka vya kutosha soko litajirekebisha, mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes mwaka 1936 akaeleza kwa nini uchumi unaweza kukwama hapohapo, kwa sababu matumizi ya mmoja ndo kipato cha mwingine, kila mtu akibana kipato cha wote kinaanguka. Kuna pia madhara yanayomwangukia mtu ambaye hayumo kwenye biashara, moshi wa kiwanda, msongamano wa magari. Mchumi Arthur Pigou mwaka 1920 alieleza kwamba anayesababisha atozwe kulingana na madhara. Singapore ikatumia wazo la namna hiyo barabarani mwaka 1975, ukitaka kuingia na gari katikati ya jiji asubuhi wakati wa msongamano unalipia.

Na tafadhali msiwaachie wanafunzi wazo kwamba kama sio soko basi ni serikali. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jamii zinazotunza misitu, maeneo ya uvuvi na mifereji ya umwagiliaji kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, wakisimamiana na kuadhibiana kidogo kidogo kabla ya adhabu kubwa. Baadhi wamedumu kwa karne kadhaa. Hilo halimo kwenye jedwali lenu wala kwenye vitabu vingi, na kwa maoni yangu linawahusu wanafunzi kuliko mambo mengi mnayowapa.

Majina nayo yanapoteza watu. Kenya mwaka 1965 ilitoa waraka wa bunge uliojiita wa ujamaa wa Kiafrika, ukiusoma unakuta umiliki binafsi na wawekezaji wa nje wamekaribishwa ndani. Tanzania baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 ilitaifisha mabenki na makampuni makubwa mwezi huohuo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikaanza kulegeza na kufungua soko hatua kwa hatua. Singapore watu wanaitaja kama mfano wa soko huria, lakini ardhi nyingi ni ya serikali na karibu asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali. Denmark wanaiita ya kijamaa, wakati makampuni yake makubwa ni ya binafsi na haina hata sheria ya kima cha chini cha mshahara, vyama vya wafanyakazi na waajiri ndo wanakaa mezani wanakubaliana. Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi nchi nyingi ni uchumi mseto ni kweli ila hakumwambii kitu, mseto wa nini na nini, kwenye afya nani anaamua, kwenye ardhi nani, kwenye benki nani.

Ya mwisho ni namba, kwa sababu gazeti linajaa namba. Mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 10 hadi 5 bei hazijashuka, bado zinapanda ila kwa kasi ndogo, na kichwa cha habari kinachosema bei zashuka kinapotosha, nawaomba dawati la biashara waliangalie hili pia. Bei ya bidhaa moja kupanda sio mfumuko, mfumuko ni bei kwa ujumla kupanda kwa muda. Na yule mwanafunzi aliyekaa kimya kuhusu kuchapisha noti aonyeshwe Ujerumani, Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifika marki trilioni 4.2, na Zimbabwe ambayo Januari 2009 ilitoa noti ya dola zake trilioni 100. Noti ziliongezeka, vitu vya kununua havikuongezeka, na waliokuwa wameweka akiba maisha yao yote wakabaki na karatasi. Pato la taifa nalo lina mipaka yake. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kulihesabu Marekani, kwenye ripoti yake ya 1934 kwa bunge alionya kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye kipimo cha pato lake. Mama anayelea watoto na kuhudumia mgonjwa nyumbani hahesabiwi, akiajiriwa kufanya kazi ileile kwa jirani anahesabiwa. Hapo mwanafunzi anaanza kuuliza nani aliamua kipi kihesabiwe, na hilo ni swali la uchumi kwelikweli.

Ombi langu Mhariri ni hili. Hilo jedwali liondoeni, au lifanyeni dogo pembeni. Nafasi yake wekeni habari moja iliyotoka kwenye gazeti lenu wiki hiyo, ya bajeti, ya ruzuku, ya bei, ya kiwanda kufungwa, yoyote ile, na chini yake maswali manne. Nini kimechaguliwa na nini kimeachwa? Nani aliamua, kwa taarifa gani? Nani anabaki na faida na nani anabeba gharama? Na ipi kati ya sentensi hizi ni ya kueleza hali ilivyo na ipi ni ya kusema hali inavyotakiwa kuwa? Hilo la nne wengi wanalisahau, kusema kodi ikipanda watu watanunua kidogo ni jambo linaloweza kupimwa, kusema kodi ipande ni jambo la maoni na maadili, na mwanafunzi akizichanganya atabishana mpaka kesho bila kufika popote. Majibu yachapisheni wiki inayofuata pamoja na majibu bora ya wanafunzi wenyewe wakiandika. Wanafunzi wangu wataanza kutuma, na kama mtahitaji mwalimu wa kusaidia kuandaa maswali nipo tayari bila malipo yoyote.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa uchumi, sekondari